Thredi ya Pembeni Haitoshi Kuzuia Simu Isijiwashe Upya

Kila mtengeneza programu wa Android anaijua sheria ya sekunde 5: thredi kuu (mkondo wa utekelezaji unaohudumia skrini) ikikaa muda huo bila kujibu mguso, mtumiaji anaulizwa kama aifunge programu. Basi kazi ndefu inahamishiwa thredi ya pembeni, na wengi huona wamemaliza. Sikubaliani nao. Programu isiyokwamisha skrini yake hata mara moja bado inaweza kuiangusha simu nzima.

Android ina mlinzi, Watchdog, ndani ya system_server, mchakato unaobeba huduma kuu za mfumo kama ActivityManager (programu), WindowManager (madirisha) na PowerManager (umeme). Anakagua kama thredi na kufuli za huduma hizo (kufuli huruhusu thredi moja tu kwa wakati) zinaitika. Zikikwama kwa kawaida sekunde 60, anaiua system_server yenyewe. Nembo ya kuwaka inarudi kwenye skrini na programu zote zinakufa. Kerneli, kiini cha mfumo, haikuzimika, kwa hiyo /proc/uptime, faili la muda tangu simu iwashwe, inaendelea kuhesabu. Ukiikuta imeanza sifuri, hiyo ni habari nyingine: chunguza betri, joto au kerneli. Kama haikuanza sifuri, soma kumbukumbu za Watchdog kwa kuendesha hii kwenye kompyuta iliyounganishwa na simu:

adb shell dumpsys dropbox --print system_server_watchdog

Tafuta "Blocked in monitor" au "Blocked in handler", kisha fuatilia kwenye orodha ya thredi ni ipi imeshika kufuli na inamsubiri nani.

Programu ya kawaida hufikaje huko? Kupitia Binder, njia ya Android ya michakato kuitana. Kila unapoiita huduma ya mfumo, ombi lako hukalia thredi moja ya Binder ndani ya system_server, na thredi hizo zina kikomo. Sasa chukua kitanzi kinachopakia picha na kubadilisha arifa ya maendeleo kila kipande cha KB 8: picha moja ya MB 4 ni maombi 512! Mfumo hutupa arifa zinazozidi kiwango, lakini ombi limeshafika na limeshachukua nafasi. Badilisha arifa mara moja kwa sekunde, inatosha kabisa. Jibu la PackageManager, huduma ya taarifa za programu zilizowekwa, liombe mara moja kisha ulihifadhi. Kila risiva (kipokezi cha matangazo ya mfumo) uliyosajili, iondoe ukimaliza, maana kila moja huacha rejeo ndani ya system_server. Katika matoleo ya zamani marejeo ya JNI (daraja kati ya Java na msimbo asilia) yakilimbikizana ndani ya system_server hadi kupita 51,200, nayo huanguka.

Upande wa hifadhi ndio unaopuuzwa zaidi. Kuingiza rekodi 200 kwenye SQLite, hifadhidata ya ndani ya simu, moja moja ni miamala 200, na kila muamala unalazimisha data iandikwe hadi kwenye chipu. Zifunge zote ndani ya muamala mmoja. Kwenye simu ya RAM ya GB 2 ambayo hifadhi yake inakaribia kujaa, tofauti ni kubwa mno, maana system_server nayo inasubiri foleni hiyo hiyo ya kuandika, pengine huku imeshika kufuli.

Kazi yenyewe ipeleke kwa WorkManager, maktaba ya kupanga kazi za nyuma, uikate vipande vinavyoisha kabla ya dakika 10, kwa sababu JobScheduler, huduma ya mfumo inayoitumia, husimamisha kazi ya kawaida hapo. Andika ulipofikia baada ya kila kipande, weka setRequiresStorageNotLow(true) ili kazi isianze hifadhi ikiwa ndogo, na WakeLock yoyote (inayozuia simu isilale) uipe muda wa kuisha. Halafu jaribu kwenye simu ya bei nafuu uliyoijaza makusudi, si kwenye ile mpya ya ofisini.