Madaftari ya mama

Bibi ninayepakana naye hapa Yokohama ana presha, sukari na goti bovu. Leo nesi kamfuata kwake kwa baiskeli, kampima, kapiga simu, dawa ikabadilishwa. Bibi hakuvuka hata kizingiti. Nikasonya kwa wivu.

Maana mama yangu pale Mbagala, Dar es Salaam, anaumwa hayohayo. Presha Jumanne, sukari Alhamisi, macho hospitali nyingine kabisa. Kila daktari anamwandikia dawa zake kwenye daftari lake, na anayejua jumla yake ni mama peke yake, na mama anasahau.

Najua: "Kaenda Japani, sasa anatuona washamba." Wajapani hawakuzaliwa nayo haya. Bima ya kutunza wazee waliianza mwaka 2000, na kila mtu akifika miaka 40 anachangia, apende asipende. Anayehudumiwa naye analipa sehemu, asilimia 10 hadi 30 kufuatana na kipato. Mitaani kuna vituo vyenye nesi na ofisa ustawi wa jamii, na lengo ni huduma isizidi dakika 30 kutoka nyumbani kwa mzee.

Ndiyo, huku pia wapo wazee wanaofia chumbani, wakagundulika baada ya siku nyingi. Kwetu mama akichelewa kufungua dirisha tu, nusu ya mtaa iko mlangoni. Hapo tunawashinda, na natamba nalo. Ila nusu hiyo ya mtaa inakuja na uji. Kidonge kipi hakipatani na kipi, hakuna ajuaye.

Wewe wa "dirisha la wazee hospitalini lipo, sera ya wazee ya 2003 ilishasema watibiwe bure": lipo, na bango la kumpisha mzee nimelisoma. Mwenye goti kafikaje dirishani? Na wewe wa "hatuna hela": mjumbe anamjua kila mzee, hasa wakati wa michango. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii ulizinduliwa 2024. Mhudumu apewe daftari moja la kila mzee wa mtaa wake, madaktari wote waandike humo. Hiyo nayo inataka mfadhili?

Kaka yangu anasema nirudi nikamuuguze mwenyewe. Nirudi, sawa. Ndiyo daktari wa sukari atajua wa presha kaandika nini?