Zitto Kabwe: akiwa na karatasi mkononi, na akiwa hana

Jioni moja nilikaa kijiweni Ujiji, mkoani Kigoma. Kahawa chungu, kashata, na wazee wawili wamelikalia bao. Nikamuuliza mzee aliyekuwa akingoja zamu yake: Zitto aliwafanyia nini ninyi watu wa huku? Aliangalia kete zikisambazwa mpaka zikaisha, ndipo akanijibu, "Alitusemea." Kijana wa bodaboda aliyekuwa ameegemea pikipiki yake akadakia: "Kusema tu, mzee wangu? Lami alileta kilometa ngapi?" Kijiwe kizima kikaangua kicheko, na mzee naye akacheka, ila hakulifuta neno lake.

Ukiwasikiliza hao wawili, mjadala mzima umeshausikia. Zitto Zuberi Kabwe aliingia bungeni mwaka 2005 akiwa na miaka 29, akatoka 2020. Miaka kumi aliiwakilisha Kigoma Kaskazini kwa tiketi ya Chadema, na mitano Kigoma Mjini kwa tiketi ya ACT-Wazalendo. Wanaompenda wanakuhesabia mawaziri walioanguka. Wasiompenda wanakuhesabia vyama alivyogombana navyo, na barabara. Mimi namhesabia kitu kingine. Katika kila jambo kubwa alilolivalia njuga natazama kama siku ile alikuwa na karatasi mkononi au alikuwa na mdomo peke yake. Nikimpima hivyo, rekodi yake inagawanyika vizuri kuliko ukimpima kwa mapenzi ya chama.

Buzwagi kwanza, maana ndiyo iliyomtoa. Februari 2007 aliyekuwa Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, alisaini mkataba wa mgodi wa Buzwagi na kampuni ya Barrick, na kuusaini kwenyewe kulifanyika hotelini London. Zitto akapeleka hoja binafsi akitaka iundwe kamati teule ya kuuchunguza. Agosti mwaka huo Bunge likamsimamisha hadi Januari 2008, kwa madai kwamba amesema uongo kuhusu waziri. Kama lengo lilikuwa kumnyamazisha, wenzake walimwagia moto petroli. Mbunge kijana wa muhula wa kwanza akatoka Dodoma akiwa gumzo la nchi. Novemba Rais Kikwete akaunda kamati ya kupitia mikataba ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, na mjumbe mmojawapo akawa huyo huyo aliyefukuzwa ukumbini. Sheria ya Madini ya 2010 ikaupandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4, na ukaanza kukokotolewa kwa thamani ghafi ya madini. Kusema sheria ile ni ya Zitto ni kumpunja Bomani na wenzake. Kusema ingekuja vilevile bila kelele za Buzwagi nako ni ukaidi.

Halafu zikaja kamati, na hapa ndipo kazi yake halisi ilipolala, ingawa ndipo wapiga kura wanapopaangalia kidogo kuliko kwingine. Aliongoza Kamati ya Hesabu za Mashirika ya Umma tangu 2008, na ilipovunjwa 2013 akaongoza ile ya Hesabu za Serikali, PAC. Kazi ya kamati hizi haina picha nzuri. Mnafungiwa chumbani na vitabu vya CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, mnamwita katibu mkuu, mnamuuliza stakabadhi ya ukurasa fulani iko wapi. Mbunge anayetaka makofi hapati kitu mle.

Zitto alipata, kwa kuwa alijua kuitoa karatasi chumbani na kuifanya maneno ya kijiweni. Aprili 2012, baada ya ripoti za CAG kusomwa, alianza kukusanya saini za kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda. Kura yenyewe haikupigwa, lakini mwanzoni mwa Mei Kikwete alipanga upya baraza na mawaziri sita wakaachwa nje. Mwishoni mwa 2014 ikaja Escrow ya Tegeta, zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizotoka kwenye akaunti iliyokuwa Benki Kuu. Ripoti ya PAC aliipeleka bungeni yeye pamoja na makamu wake, Deo Filikunjombe, mbunge wa Ludewa kupitia CCM. Mwanasheria Mkuu Frederick Werema akajiuzulu, Anna Tibaijuka akaondolewa, na Januari 2015 Sospeter Muhongo naye akajiuzulu. Jina la Filikunjombe, aliyefariki kwa ajali ya helikopta mwaka huo huo, huwa linasahaulika kwenye simulizi hizi. Si haki. Mpinzani kuikaba serikali ndiyo kazi yake. Mwana-CCM kusimama pembeni yake na kusoma ripoti ile, mbele ya chama chake, ni habari nyingine.

Kwa mfano wa karibu zaidi chukua Aprili 2018. Ripoti ya CAG ya mwaka wa fedha 2016/17 ilionyesha makusanyo ya shilingi trilioni 25.3, na mahali pengine ikaonyesha matumizi ya trilioni 23.8. Zitto akatoa moja kwenye nyingine na kuuliza: trilioni 1.5 iko wapi? Hesabu ya darasa la nne. Wiki ile sikupanda daladala bila kuisikia trilioni moja nukta tano. Serikali ikajibu kwamba pengo linaelezeka, kuna mapato ya Zanzibar yaliyohesabiwa ndani, kuna utaratibu wa kihasibu uliokuwa ukibadilika. Inawezekana kabisa majibu yale yalikuwa na mashiko. Lakini yalitolewa kwa sababu kuna mbunge aliyesoma kurasa mbili na kuzilinganisha, na mwananchi ambaye hajawahi kuishika ripoti ya CAG akajua angalau namna ya kuuliza.

Sasa tuugeuze upande wa pili. Novemba 2012 Zitto alipeleka hoja binafsi kuhusu Watanzania walioficha fedha nje ya nchi, mabilioni ya Uswisi kama tulivyozoea kuyaita. Nchi ikasubiri majina. Miezi ikapita, miaka ikapita, na majina hayakusomwa. Watetezi wake wanasema siri za benki za nje haziko mikononi mwa mbunge, na ni kweli. Basi asingetuachia tuamini kwamba ziko karibu naye. Vibaya zaidi ni Oktoba 2018, alipotaja idadi kubwa ya watu aliodai wameuawa katika mapambano ya polisi na wananchi huko Uvinza. Alishtakiwa kwa uchochezi, na Mei 2020 Mahakama ya Kisutu ikamtia hatiani na kumpa sharti la kutotoa maneno ya uchochezi kwa mwaka mzima. Mimi siipendi sheria ya uchochezi. Ni rungu la kikoloni, na kosa la takwimu hujibiwa kwa takwimu. Hata hivyo siwezi kumwachia hivi hivi mtu aliyetufundisha kudai ukurasa na stakabadhi. Siku ile ukurasa haukuwepo, na waliokufa kweli, wakiwamo askari, wakazikwa chini ya ubishi wa idadi.

Kuna moja ambalo siwezi kuliweka kapu lolote, nalo ni Dowans. Mwaka 2009, kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond ikiwa bado inanuka na Waziri Mkuu Lowassa amejiuzulu kwa ajili yake mwaka mmoja tu nyuma, Zitto alisimama kutetea shirika la umeme, TANESCO, linunue mitambo ya Dowans, kampuni iliyorithi mkataba huo. Hoja yake ilikuwa kavu: mitambo ipo Ubungo, umeme hatuna, tununue. Alishambuliwa hadi na waliokuwa wakimshangilia, wengine wakinong'ona kwamba kanunuliwa. Yaliyofuata yanajulikana. Hatukuinunua. Mwaka 2011 ikachukuliwa na Symbion ya Marekani, TANESCO ikawa inanunua umeme kutoka kwenye mitambo ile ile, na mwaka huo huo Hillary Clinton akaja kuitembelea. Kwa hiyo kwenye hesabu alikuwa sahihi. Kwenye mawasiliano alianguka vibaya, kwa sababu watu walikuwa wamechomwa na Richmond na yeye akawajia na hesabu kabla hajawapa pole.

Na lami ya yule kijana? Barabara ya Mwandiga hadi Manyovu ilijengwa kwa lami Zitto akiwa mbunge wa Kigoma Kaskazini. CCM watakwambia ni ilani yao na fedha ya serikali yao. Watu wa Zitto watakwambia serikali isingekumbuka Kigoma kama mbunge wake angekuwa bubu. Wote wawili wanadai kitu kisicho cha mbunge. Ibara ya 63 ya Katiba inasema Bunge kazi yake ni kuisimamia na kuishauri serikali. Mbunge hana katapila. Ila tumejichanganya wenyewe, kwani tangu 2009 tuna Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, na mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge. Ukishampa mtu fungu la madawati na mabati, kijana wa bodaboda ana haki ya kumuuliza yamefika wapi. Tena haki hiyo hiyo inamgeuza mbunge kuwa diwani mkubwa, anayesifiwa kwa mifuko ya saruji huku kitabu cha CAG kikiota vumbi.

Lawama inayomwuma Zitto kwa haki, nionavyo mimi, ni ya masikio ya nani alikuwa akizungumza nayo. Mpaka 2015 swali hili halikuwa na uzito, kwa sababu Bunge lilirushwa moja kwa moja. Aliyesema Dodoma mchana alisikika Mwandiga mchana huo huo, dukani, redio ikiwa juu ya kreti la soda. Januari 2016 Nape Nnauye, akiwa waziri wa habari, akatangaza kwamba televisheni ya taifa, TBC, inaacha matangazo hayo ili kupunguza gharama. Zitto alikuwa miongoni mwa waliosimama kupinga, kikao kikavurugika, polisi wakaingia ukumbini kuwatoa wabunge wa upinzani. Jioni tukabakiwa na kipindi cha kurekodiwa, Leo katika Bunge.

Hapo Zitto akahamia zaidi Twitter, alikokuwa mzoefu kuliko wenzake wengi. Alikuwa akibandika kurasa za ripoti, anachambua, anabishana hadi usiku wa manane. Kwa mwandishi wa habari wa Dar es Salaam ilikuwa neema. Kwa mama anayeanika dagaa Kibirizi haikuwa kitu. Hana bando la kuchezea, na trilioni 1.5 haimwambii bei ya chumvi. Najua alifanya mikutano jimboni, na najua pia kwamba katikati ya 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilipigwa marufuku nchini, ikabaki ya mbunge ndani ya jimbo lake. Ndiyo maana ningemtaka aitumie nafasi hiyo moja iliyobaki kwa kusoma bajeti ya Manispaa ya Kigoma Ujiji mstari kwa mstari, kwa jicho lile lile alilolisomea Escrow. Sifa yake ya kitaifa ilikuwa kubwa kuliko mazoea yake ya nyumbani.

Suala la vyama nitalipita haraka. Chadema walimvua nyadhifa Novemba 2013, wakaachana naye rasmi Machi 2015, na kwa Katiba yetu asiye na chama hana kiti. Wanaomwita kigeugeu wanasahau kwamba alirudi kwa wapiga kura miezi michache baadaye na wakampa. Alikuwa mbunge pekee wa ACT katika Bunge lile.

Mwaka 2020 alitangazwa kushindwa na Kilumbe Ng'enda wa CCM. Wapo wanaousoma mwaka huo kama hukumu ya watu wa Kigoma. Mimi sithubutu. Uchaguzi ambao upinzani wa Bara nzima uliambulia viti vya majimbo visivyofika idadi ya vidole vya mkono mmoja hauwezi kunieleza lolote kuhusu mbunge mmoja. Miezi tisa kabla yake alikuwa ameiandikia Benki ya Dunia kuitaka izuie mkopo wa dola milioni 500 wa elimu, mojawapo ya sababu zake ikiwa wasichana wanaopata mimba kukatazwa kurudi shuleni. Aliitwa msaliti, na haikuwa bila sababu kabisa: madarasa yale yangejengwa hata Kigoma, na kuna wazazi waliokuwa wakiyasubiri. Benki ikauidhinisha mkopo Machi 31, 2020. Novemba 2021 serikali ikatangaza kwamba wasichana hao ruksa kurudi darasani.

Nilimtajia mzee wa Ujiji habari hiyo ya mwisho. Akaniuliza kama ni barua ya Zitto iliyofanya hivyo. Nikamwambia serikali ilikuwa imebadilika, rais mwingine, mambo mengi. "Basi usimpe yote," akasema, akasogea kwenye bao maana zamu yake ilikuwa imefika. "Mpe nusu."