Hakuna Aliyegeuka

Nadhani nusu ya ugomvi kuhusu mageuko, yaani nadharia kwamba viumbe hubadilika kizazi hadi kizazi, unaletwa na neno lenyewe. Kwa Kiswahili, kugeuka ni jambo la ghafla. Katika hadithi, binti anageuka jiwe, fisi anageuka kijana mtanashati anayekuja kuposa, na yote hayo yanaisha kabla msimulizi hajameza mate. Sasa mtu aliyekua na hadithi hizo akiambiwa kwamba binadamu ni zao la mageuko, unadhani anaona picha gani? Anamwona nyani aliyelala nyani akaamka mtu. Anacheka. Hata mimi ningecheka.

Ila hakuna mwanabaiolojia anayedai hivyo. Katika nadharia hii hakuna mnyama hata mmoja aliyegeuka. Kila mtoto alikuwa spishi moja, yaani aina moja ya kiumbe, na mama yake, na mama naye spishi moja na bibi, ukarudi nyuma hivyo hivyo miaka mamilioni bila kukuta mahali pa kupiga mstari. Kumbe ukimweka mjukuu wa mwisho kando ya bibi wa mwanzo kabisa, hawafanani hata kidogo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni lugha hii hii unayoisoma. Kiswahili, Kipokomo, Kimijikenda na Kikomoro ni ndugu. Wataalamu wa isimu wanaziita lugha za Sabaki, na zamani zilikuwa lugha moja. Je, ni mama gani aliyezungumza lugha hiyo ya kale akamzaa mtoto anayezungumza Kiswahili? Hayupo. Kila mama alielewana na mwanawe. Watu walihama, wakaacha kuonana kila siku, huku sauti moja ikadondoka, kule neno likachukua maana nyingine, na baada ya karne nyingi wajukuu wa pande mbili wakikutana wanahitaji mkalimani.

Ukishakubali hilo, lile swali maarufu linajijibu: kama mtu alitokana na nyani, mbona nyani bado wapo? Kwanza, nyani kasingiziwa. Ndugu yetu wa karibu zaidi ni sokwe. Pili, hatukutokana na sokwe. Sisi na yeye tuna wahenga wa pamoja, walioishi takriban miaka milioni 6 au 7 iliyopita, ambao hawakuwa sokwe wala watu. Kushangaa kwamba sokwe bado wapo ni sawa na kumwambia mtu: kama kweli wewe ni mjukuu wa babu yako, mbona binamu yako yu hai?

Sasa mabadiliko yenyewe hutoka wapi? DNA, yaani maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli, ikinakiliwa, makosa madogo hutokea. Mengi hayana athari, mengine yanadhuru, machache yanafaa. Viumbe huzaa watoto wengi kuliko wanaoweza kufikia umri wa kuzaa, kwa hiyo tofauti ndogo kati yao huamua nani atapeleka mbele jeni zake, yaani vipande vya DNA vinavyobeba sifa. Ndiyo nadharia ya uteuzi asilia ambayo Charles Darwin na Alfred Russel Wallace waliifikia kila mmoja kwa njia yake, na maandishi yao yakasomwa pamoja jijini London tarehe 1 Julai 1858.

Kuona jambo hili likitendeka ni kitu kingine. Mwaka 1973 watafiti Peter na Rosemary Grant walianza kupima midomo ya ndege wanaokula mbegu katika kisiwa kidogo cha Daphne Major, Galápagos. Mwaka 1977 ukame ukapiga. Mbegu ndogo laini zikaliwa zikaisha, zikabaki kubwa ngumu. Ndege wengi walikufa, na walionusurika kwa sehemu kubwa walikuwa wale wenye midomo minene. Angalia vizuri: hakuna ndege aliyeota mdomo mnene kwa sababu aliuhitaji. Wenye midomo myembamba walikufa, basi. Vifaranga wa mwaka uliofuata wakarithi midomo ya walionusurika, na wastani wa kundi zima ukapanda. Halafu mwaka 1983 ikanyesha mvua kubwa, mbegu ndogo zikajaa, na bahati ikawageukia wenye midomo midogo.

Ndiyo maana ule mchoro wa kiumbe aliyeinama akinyooka hatua kwa hatua mpaka anakuwa mtu unaniudhi. Unawafanya watu waone ngazi, wakati uteuzi asilia hauna hata habari ya mwaka kesho.

Lakini kubadilika midomo si kuzaliwa kwa spishi mpya. Kinachohitajika ni utengano. Mto ukihama njia, bahari ikipanda na kukata rasi kuwa kisiwa, kundi moja linakuwa mawili, kila moja likikusanya makosa yake na likichujwa na mazingira yake. Muda ukienda sana, hata wakikutana tena hawazaani. Mwanabaiolojia Ernst Mayr aliliweka jambo hili kama kanuni mwaka 1942: spishi ni kundi la viumbe wanaozaana wao kwa wao na wametengwa kiuzazi na makundi mengine. Mfano unaopendwa ni farasi mwenye kromosomu, yaani nyuzi za DNA ndani ya seli, 64 na punda mwenye 62. Mtoto wao, nyumbu, ana 63 na karibu kila mara ni tasa.

Kanuni nzuri, ila inafundishwa kana kwamba viumbe wenyewe waliisaini. Hawakuisaini. Chukua mbu wa malaria. Mpaka mwaka 2013, Anopheles gambiae na Anopheles coluzzii walihesabiwa spishi moja. Ukiwatazama kwa darubini huoni tofauti. Ni DNA inayowatenga. Kwa kawaida kila upande huoana na wenzake, lakini mara moja moja wanachanganyika, na kwa njia hiyo jeni ya kuhimili dawa za kuua wadudu imevuka kutoka spishi moja kwenda nyingine. Wahenga wetu nao walizaa na Neanderthal, binadamu wa kale waliokwisha kutoweka, ndiyo maana watu wengi wenye asili ya nje ya Afrika wana DNA ya Neanderthal, asilimia 1 hadi 2. Kwa maoni yangu hali hii ya katikati haiitii nadharia dosari. Kama spishi hutengana polepole, lazima tukute baadhi yao wakiwa katikati ya safari. Tusingewakuta, hapo ndipo ningeingia wasiwasi.

Hapa lazima nikiri kitu. Nilisema kila mtoto ni spishi moja na mama yake, na nikataja wanyama kwa makusudi, maana mimea ingeniumbua. Mwanzoni mwa karne ya 20, spishi tatu za Tragopogon, mimea ya maua, kutoka Ulaya zilifika magharibi mwa Marekani, kila moja ikiwa na kromosomu 12. Zikachavushana, na machotara wao mara nyingi hawakuweza kuzaa. Kisha kromosomu za baadhi yao zikajizidisha mara mbili, zikawa 24. Mimea hiyo ikazaa vizuri, lakini haikuweza tena kuzaana kirahisi na wazazi. Mwaka 1950 mtaalamu wa mimea Marion Ownbey akatangaza spishi mbili mpya ambazo miaka hamsini kabla hazikuwepo pale. Ngano, ya shambani si ya kusimuliwa, ilipita njia ya namna hiyo: kromosomu zake 42 zinatoka kwa wahenga watatu tofauti. Kwa hiyo kuna kugeuka kwa ghafla duniani. Kuko kwenye majani.

Kwa wanyama, kisa ninachokirudia kila nikibanwa ni cha samaki waitwao furu wa Ziwa Victoria. Ziwa hilo lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita, likajaa tena. Tangu hapo, kutoka kwa wahenga waliokuwa wenyewe machotara wa nasaba mbili, zimetokea spishi zipatazo 500. Kwa saa za jiolojia hiyo ni kufumba na kufumbua. Na hakukuwa na mlima wala bahari ya kuwatenga. Wengi wanaogelea karibu karibu.

Wawili kati yao ni Pundamilia pundamilia na Pundamilia nyererei, huyu wa pili akiwa amepewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985. Madume wa yule wa kwanza ni wa buluu na hukaa karibu na uso wa maji. Wa nyererei ni wekundu, na hukaa chini kidogo, mahali ambapo maji yameshachuja mwanga wa buluu na kubakiza mwekundu. Jeni za macho zao zinatofautiana kufuatana na mwanga huo, na majike huchagua dume kwa rangi. Ukuta unaowatenga umo ndani ya jicho la jike.

Watafiti waliwaweka kwenye matangi yenye mwanga wa rangi moja, buluu na wekundu wakaonekana sawa, na majike wakaacha kubagua. Watoto waliopatikana walikuwa na uwezo kamili wa kuzaa. Ziwani jaribio hilo linafanyika bila mtafiti: uchafu na mbolea zinazoingia majini zinalisha mwani, maji yanakuwa tope, mwanga unafifia. Sehemu zenye maji angavu bado unawakuta madume wa buluu juu na wekundu chini. Penye tope zito wamebaki samaki wa rangi iliyofifia, ambao hata mtaalamu hana safu ya kuwaandika.