Hayakuhusu na Balaa

Sisi tunaokaa kando ya msitu wa Jozani, hapa Unguja, tuna wageni wa aina mbili. Wa mwanzo wanakuja na magari kutoka mahotelini, wanalipa kiingilio, wanapiga picha, wanakwenda zao. Wa pili hawalipi kitu na hawaendi popote. Kima wa kawaida anaanza alfajiri: mapapai, ndizi, na muhogo anaung'oa mzima mzima. Akishaondoka yeye anaingia kima punju, yule mwekundu mwenye nywele zilizomtimka. Zamu yake ni majani na maembe machanga, halafu anamalizia kwa makaa. Makaa, wallahi! Anakaa upenuni kama mwenye nyumba, anatia mkono ndani ya polo la mama watoto, anachagua kipande, anakigeuza, hakimpendezi, anachukua chengine. Mabingwa wanasema ile ni dawa yake, maana majani anayokula yana sumu na makaa huivuta tumboni. Sawa, dawa. Mie tumbo likiniuma dawa nnanunua.

Na usimguse. Asili yake ni Unguja tu, dunia nzima hana asili pengine, kwa hivyo analindwa na sheria, na barabarani kawekewa matuta gari zisimgonge. Mfereji wetu sisi unatoa maji usiku wa manane, tena ukipenda, lakini kima ana matuta yake.

Ndiyo mtu wa huku anafuga mbwa. Si wa kung'ata, wa kubweka tu, kima aone uzito ahamie shamba la mwenzio. Nnalisema hili mapema kwa sababu wapo watakaoanza: "Mzee mzima, na kofia yako, unafuga mbwa?" Mbwa wa shamba ana ruhusa yake, yeye na wa kuwindia na wa mifugo, kamuulize sheikh wako. Na ukisoma Suratul Kahf siku ya Ijumaa usipaharakishe pale penye mbwa wa watu wa pangoni, kanyoosha miguu yake kizingitini. Watu wale walilala miaka 300 na wakazidisha 9. Mbwa wangu kaanza kufuata mwendo huo huo, na pango hana.

Mbwa wangu anaitwa Hayakuhusu. Jina nilimpa kwa ajili ya jirani yangu muuza vitumbua. Mama yule vitumbua vyake havina mfano Kusini yote hii, lakini hakuna bati ninalolinunua asilijue bei. Basi kila magharibi nikawa nnasimama uani, nnanadi: "Hayakuhusuuu! Njoo ule!" Ujana wake mbwa huyu alikuwa akikohoa tu, kima wanahama shehia. Siku hizi anabweka amelala. Anafungua jicho moja, anatoa "hwu" moja, analifunga. Kima wameshaelewa kwamba hiyo ni salamu.

Hapo ndipo akatokea shemeji yangu wa mjini, kapakata boksi la maji ya chupa, ndani yake kijibwa. Mama watoto kaja na mwiko mkononi, kachungulia, kasema: "Balaa gani tena hili?" Jina likawa limepatikana. Ubaya wake niliujua baadaye: siku ya kwanza nilipopiga kelele "Balaa! Balaa! Balaa linakimbia barabarani!" watu walitoka na ndoo za maji.

Shemeji ni mtu wa mjini, na mtu wa mjini hafanyi kitu polepole. Kakitoa kijibwa, kakitua chini ya mwembe, mbele ya pua ya Hayakuhusu. "Waache wazoeane wenyewe, shemeji." Sasa mbwa ambaye kima anamwangushia kokwa la embe kichwani asitikisike, siku hiyo alisimama. Alisimama kwa mafungu: kwanza miguu ya mbele, akapumzika, akafikiri, halafu ya nyuma. Akanguruma kitu cha chini chini, na mdomo ukapanda upande mmoja tu, likaonekana jino moja la manjano. Kijibwa kikaanguka chali, kikajikojolea tumboni, na huku kinakojoa mkia unatikisika. Kikainuka, kikenda kumramba mzee kidevuni. Hayakuhusu hakukigusa. Aligeuza kichwa akanitizama mimi. Nimeoa, nnaujua mtazamo ule.

Bwana mifugo alipopita kuangalia ng'ombe wa jirani nikamwita. Kasikiliza, katikisa kichwa. "Mzee wangu, mbwa hawakutanishwi chumbani kwa mmoja wao. Watoe nje, pahala pasipo pa mtu, watembee pamoja, wanusane, ndiyo warudi. Wakirudi, kila mmoja ale mbali na mwenzake, alale mbali, na usiwaache peke yao mpaka uone wametulia. Mkubwa akinguruma usimpige, hayo ndiyo maneno yake. Ukimfundisha kunyamaza, siku nyengine atang'ata bila ya kusema. Halafu mkubwa atangulie kila kitu. Apewe kula mwanzo, asalimiwe mwanzo, awe na pembe yake ya kupumzikia ambayo mdogo haifiki."

Mama watoto alikuwa kasimama mlangoni anasikiliza. Nikamgeukia. "Umesikia, mkubwa atangulie."

"Nimesikia," kasema. "Ntampa vichwa vyake vya samaki saa kumi."

Basi na mie nikatafuta pahala pasipo pa mtu. Hapa kwetu! Kila mti una mwenyewe, na mwenyewe yupo chini yake. Nikaishia kiwanja cha mpira, saa ambayo nilidhani vijana wako kazini, kumbe vijana hawana kazi. Mkono mmoja kamba ya usumba na Hayakuhusu anayetaka kurudi nyumbani, mkono mwengine kamba ya usumba na Balaa anayetaka kwenda Makunduchi. Nikapita goli la kwanza mpira ukasimama. "Mzee, pole, watalii wamekuacha?" Mwengine kaniuliza kwa Kiingereza kama nataka kununua kinyago. Nikanyamaza, mtu mwenye mbwa wawili hajibizani. Lakini lazima niseme kweli, lile la kutembea lina maana. Mzunguko wa kwanza Hayakuhusu alikuwa anatizama mbele kama hayupo na sisi. Baadaye kanusa mavi ya mbuzi, Balaa naye akaja kuyanusa yale yale, wakasimama pamoja, vichwa chini, kimya, kama wazee wanaosoma tangazo la sheha. Tulirudi kamba zimelegea.

Barazani hawakukubali. Pale barazani kwetu hakuna aliyewahi kufuga mbwa, kwa hivyo wote wanajua. Mmoja kasema wafungwe kamba moja mpaka wapatane. Mwengine, mtu wa heshima zake, kasema kosa ni kuwatenga chakula: "Watilie sinia moja, wale pamoja, mapenzi yako kwenye sinia." Nimekula sinia moja na huyu bwana arusini. Mapenzi sikuyaona, niliuona mkono wake unavuka mpaka kuja upande wangu kufuata nyama. Sisi tunastahamiliana kwa sababu kuna watu wanatutizama. Mbwa hana haya hiyo. Kwa hivyo Hayakuhusu anakula bada na vichwa vya samaki nyuma ya banda, Balaa anakula mbele kwenye kifuu chake, na mie nasimama katikati na ufito, kwa sababu Balaa anameza bila ya kutafuna ili awahi cha mzee. Chai yangu hapo imeshapoa.

Na kulala. Wamenambia kijibwa hulala saa 18 mpaka 20 kwa siku, nikafurahi. Sikuambiwa kwamba zile nne zilizobaki ni za usiku. Wiki za mwanzo akimlilia mama yake, analia kwa sauti nyembamba inayopita kwenye tundu ya ufunguo. Mama watoto ananigusa ubavu: "Mwanao." Natoka na tochi, nakaa naye bandani. Bwana mifugo alishasema mtoto mchanga asitoke kwa mama yake kabla ya wiki 8. Shemeji kaapa kuwa huyu alitimiza. Kiapo cha shemeji nakijua, ndicho alichonipa wakati wa mahari kwamba dada yake mpole.

Meno je? Kijibwa ana meno 28 ya utoto, membamba, makali, na yanaanza kung'oka akifika mwezi wa nne. Mpaka hapo lazima yatafune kitu. Hayakuhusu akitafunwa sikio anavumilia, anavumilia, halafu anabweka mara moja usoni, na Balaa anakaa kitako kwa adabu. Mie sina wa kunibwekea. Makubadhi yangu ya ngozi niliyoyashonesha mjini, ya kuvaa Idi, nimeyakuta: moja zima, moja limebaki soli na kile kipande cha kidole. Lile zima nalo nimelificha sijui kwa nini, hakuna mtu mwenye mguu mmoja atakayelinunua.

Yote hayo nisingeyasema lau si kanzu.

Sisi Mashafii, mbwa mkavu akikugusa nawe mkavu hakuna neno, unakung'uta unaendelea. Kukiwa na umaji, hiyo najisi nzito: kuosha mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Hayakuhusu mwenyewe anaijua sheria hiyo. Miaka yote hajavuka mstari wa upenu, akiniona nimevaa kanzu anakwenda upande wa pili wa mwembe. Balaa hajawahi kuwa mkavu tangu azaliwe. Kama hakupindua kata ya maji, kajilaza kwenye tope la mfereji. Kama hakujilaza, ulimi uko nje. Na ananipenda. Hilo ndilo tatizo langu kubwa, ananipenda. Wiki nzima nikivaa shuka ya shamba hana habari na mie. Ijumaa nikitoka tu, kanzu imepigwa pasi, udi umeshika, yeye yupo kashafika, pua mbele.

Mara saba, na mfereji uko vile nilivyokwambia! Mama watoto kaweka ndoo ya udongo mlangoni na kibakuli chake. Mie naosha, yeye anahesabu. Na anahesabu kwa ukali: nikifika tano jirani akimwamkia akaitikia, anasema kasahau, tuanze. Kanzu zangu sasa zina rangi ya chai ya maziwa. Imamu kaniangalia miguuni, hakusema kitu, akanipisha safu ya nyuma penye upepo.

Sasa wamepatana. Nnakubali, wamepatana, bila ya kamba moja wala sinia moja. Balaa analala mgongo wake umeegemea wa mzee, na mzee kaanza kunyanyuka tena. Juzi kima katua kwenye mpapai, Hayakuhusu katoa ile "hwu" yake, Balaa akapokea kwa kelele za mbwa kumi, kima akakimbia na papai lake bichi. Kulidondosha hakulidondosha, lakini alikimbia. Nilisimama pale na jembe langu nikasema alhamdulillahi.

Sikujua kwamba wamefanya kikao, wameamua ulinzi uwe na usiku pia. Jana baada ya isha mvua ya masika imenikuta msikitini. Kijana mmoja kaniazima koti lake la mvua, lile refu la nailoni lenye kofia, linalia kwaru kwaru ukitembea. Umeme umekatika, tochi nimeiacha nyumbani, nimefika penye mwembe wangu mwenyewe. Nikasikia "hwu". Halafu ya pili, na hii haikuwa ya salamu. Nikasema, "Ni mimi," koti likasema kwaru, na mbwa wakaamini koti.

Mtu wa umri wangu hakimbii, lakini nilikimbia, nikapita migomba, nikapita mstari wa upenu, si wa kwangu, wa jirani. Nikagonga dirisha. Muuza vitumbua kafungua upande mmoja, kashika kibatali.

"Nani huyo? Kwani nini, unakimbizwa na nani?"

Na mie pumzi sina, nageuka nyuma nawaita mbwa wasimame, nageuka mbele kumjibu, na jawabu lilikuwa la kweli tupu: "Hayakuhusu! Hayakuhusu! Balaa!"

Dirisha likafungwa kwa kishindo, kibatali kikazimika kwa upepo wake.

Asubuhi nimempeleka mjukuu na sahani akanunue vitumbua. Karudi na sahani tupu, na salamu kwamba vya leo vimekwisha. Nimechungulia ukutani: karai limejaa, na kima kakaa juu ya paa lake anakula kimoja.