Eti "meno watakupa tu"

Jumapili mpwa wangu alinijia nyumbani akiwa na tabasamu la aliyemaliza kazi. Kidato cha sita, PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), pointi 10 za udahili (zikiwa nyingi ndiyo bora), anataka DDS, digrii ya udaktari wa meno, chuo cha Muhimbili kama mimi mjomba wake. Kumbe maombi alishajaziwa na kijana wa steshenari kwa elfu tano, na meno yamewekwa chaguo la tatu.

"Kwa nini la tatu?"

"Anko, yule kaka kasema meno hayana watu. Watakupa tu."

Watakupa tu! Kama chenji ya daladala. Halafu barua pepe iliyojazwa ni ya kaka huyohuyo. Yaani siku ya kuthibitisha udahili, mtoto aanze kumtafuta mtu wa fotokopi.

Lakini kinachonichoma zaidi ni hii kauli ya "una sifa". D tatu za Fizikia, Kemia na Baiolojia, pointi 6, zinakuruhusu kuomba. Kuomba! Baada ya hapo mnashindanishwa kwa ufaulu, na viti vya meno ni vya kuhesabika. Anayekwambia una sifa akaishia hapo amekusindikiza getini tu. Mtafute aliye mwaka wa kwanza au wa pili sasa hivi, umuulize: uliingia na pointi ngapi? Uliweka chaguo la ngapi? Rafiki zako walioachwa walikuwa na ngapi? Hilo la mwisho ndilo lenye nyama, na hakuna anayeliuliza.

Msiniulize mimi. Enzi zangu tuliomba wote kupitia mfumo mmoja wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Leo mnaomba chuoni moja kwa moja. Ushauri wangu wa udahili umeshatoboka kama gego.

Dada yangu analalamika kuwa miaka mitano na mwaka wa intanshipu ni mingi kwa "kung'oa meno". Kwenye hesabu ya miaka, haya, yuko sahihi. Kwenye kung'oa, aje aone.

Na pointi zikigoma, stashahada ya tiba ya meno ipo. Wapo walioanzia huko wakarudi kuchukua digrii.

Jumatatu nilimpeleka kliniki. Mgonjwa wa kwanza, aliyeridhia mtoto asimame pembeni, alikuwa na jipu la siku nne. Usaha, damu, harufu, shingo yangu imepinda nusu saa. Nilitegemea mtoto atatoka nje. Akauliza kwa nini ganzi ilichelewa kushika.

Jioni alikaa na simu yake, akabadilisha barua pepe kwanza, kisha akapandisha meno juu.