Akiba ya stoo inaoza

Mwezi wa pili jirani yangu wa nyumba ya tatu alikuja kugonga geti jioni, macho yamemvimba. Mama yake alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali baada ya kiharusi, upande wote wa kulia hauna nguvu, na anatakiwa kupelekwa mazoezi mara mbili kwa wiki. Akaniuliza, "Dada, humjui mtu mwenye kitimwendo cha kuazima? Hata kama kimechoka." Nikafikiri kidogo, nikamjibu, "Pole sana, mdogo wangu. Simjui mtu."

Wiki tatu nikawa nawaona yeye na kaka yake wakimbeba yule bibi kwenye kiti cha plastiki, huyu upande huu, yule upande ule, kutoka mlangoni hadi kwenye bajaji. Kanga inamteleza begani, naye anahangaika kuishika kwa ule mkono mmoja uliobaki na nguvu.

Kitimwendo kilikuwa kwangu. Kilikuwa ndani ya banda la gari, nyuma ya friji bovu, kimefunikwa na magunia na maboksi ya tailizi. Kilikuwa cha baba. Alipofariki tulikisukumia pale kwa muda tu, na huo muda ukawa miaka sita. Nilikikuta siku nilipoingia kutafuta ngazi. Mpira wa matairi ulikuwa umepasukapasuka, unabaki unga mkononi. Panya walikuwa wametoboa kikalio na kutoa sponji yote. Ukigusa spoku, kidole kinatoka na rangi ya udongo. Na kwenye mkono wa kushoto bado ipo ile plasta aliyoizungushia baba mwenyewe, kwa sababu chuma kilikuwa kinamkwaruza. Niliketi juu ya ndoo ya rangi nikalia.

Tangu siku hiyo nimeshindwa kabisa kuelewana na watu wanaoniambia akiba haiozi. Inaoza. Mimi nimeiona ikioza. Ukutani mle mle kulikuwa na mifuko miwili ya saruji iliyobaki tulipopiga plasta uzio. Kwa unyevu huu wa Dar, na sakafuni tulikoiweka, imeganda jiwe lenye umbo la mfuko, hadi mikunjo ya karatasi unaiona. Wenye maduka ya vifaa vya ujenzi huipanga juu ya mbao, mbali na ukuta, na bado wanataka iishe ndani ya miezi michache. Sisi tuliiacha miaka. Wakati ule ule kulikuwa na kijana pale njia panda anajenga choo chake, ananunua saruji mfuko mmoja kila anapopata kibarua. Ile mifuko miwili ingekuwa sakafu yake. Kwangu haikuwa chochote, na kwake haikufika.

Wazee wetu siwasemi. Mama yangu hunyoosha misumari iliyopinda na kuiweka kwenye kopo, na najua kwa nini. Alikuwa na watoto wadogo miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera, sabuni ikitafutwa kwa foleni na sukari kwa kujuana. Mtu aliyepita pale ana haki ya kuogopa kutupa. Na nakubali, sisi tunaojenga chumba kimoja kimoja, mwaka hadi mwaka, kipande cha nondo kilichobaki ni pesa. Lakini mama misumari yake anaitumia, na anajua ipo mingapi. Sisi wengine tunarundika, halafu tunasahau. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kutu na panya: rundo lilinifanya nimnyime jirani kitu ambacho ningempa kwa moyo wote, tena nikamwambia sijui mtu.

Banda tulilisafisha Jumamosi moja, tangu saa kumi na mbili asubuhi. Tulitoa kila kitu nje juu ya turubai, hata ufagio, maana ukipanga vitu vikiwa humo humo ndani unavihamisha kona tu. Televisheni ya chogo, ya tangu mitambo ya analojia ilipozimwa Dar mwishoni mwa mwaka 2012. Dumu la petroli ya jenereta, sijui ni ya mgao wa mwaka gani, inanuka kama vanishi. Matairi manne yenye maji ndani, na viluwiluwi vya mbu vinacheza. Jamani, mji huu umeugua homa ya dengue mwaka 2014 na tena 2019. Mayai ya mbu yule yanaweza kukaa makavu ndani ya tairi kwa miezi, yakisubiri mvua. Matairi nyuma ya nyumba yenye watoto hapana, sitaki kusikia sababu.

Vijana wa vyuma chakavu walikuja na mkokoteni na mizani yao, wakachukua friji na mabati. Betri ya gari niliwasimamia mpaka wakaibeba nzima, kwa sababu wapo wanaomwaga tindikali mtaroni palepale ili wapate madini ya risasi yaliyomo ndani, na mtaro huo watoto wanauchezea.

Kilichobaki kimepanda ukutani. Jembe, reki, ngazi na mpira wa maji vinaning'inia kwenye misumari ya inchi nne. Mbao za kumwagia zege zimekuwa rafu, na hakuna boksi linalogusa sakafu, kwa ajili ya mchwa na maji ya masika. Mafuta na mtungi wa gesi havikai mle tena. Na nyuma ya mlango nimebandika karatasi yenye orodha ya kila kilichomo, kwa mwandiko mkubwa. Mtu akinigongea geti kuniuliza kitu, nataka nimjibu ukweli.

Kitimwendo alikichukua fundi baiskeli wa pale kituoni. Akabadilisha matairi, akasugua spoku kwa msasa, na fundi viatu jirani yake akashona kikalio kipya cha turubai zito. Siku mbili tu, kazi imekwisha. Plasta ya baba niliomba wasiitoe. Siku hizi asubuhi nikipita namkuta bibi barazani kwao, amekaa wima, namwamkia shikamoo naye ananiitikia kwa kunyanyua ule mkono mmoja.

Bado ninacho kitanda cha mtoto, cha mninga, na godoro lake ni zima. Mwanangu wa mwisho sasa yuko darasa la tano. Kama upo Kinyerezi au Tabata na nyumbani kwenu anasubiriwa mtoto, njoo ukichukue kabla mvua hazijaanza.