Kompyuta ni ya Usharika, Habari ni za Nani?

Mwishoni mwa mwaka 1998, katekista mmoja wa usharika wa Alseda nchini Sweden alitengeneza kurasa za intaneti kwenye kompyuta yake ya nyumbani. Alikuwa amesoma kozi ya kompyuta, na alitaka vijana wanaojiandaa kwa kipaimara wapate mahali pa kusoma habari watakazozihitaji. Humo akaandika juu yake mwenyewe na wenzake 18 wa usharikani: majina, kazi zao, mambo wanayoyapenda, namba za simu, familia, pamoja na utani kidogo. Akataja pia kwamba mwenzake mmoja ameumia mguu na kwa sababu hiyo ya kiafya anafanya kazi nusu ya muda. Msimamizi wa tovuti ya Kanisa la Sweden, kwa ombi lake, akaweka kiungo cha kurasa hizo. Aliposikia kwamba baadhi ya wenzake hawakupendezwa, alizifuta mara moja. Haikumsaidia. Alishitakiwa na kutozwa faini ya kroni 4,000, akakata rufaa, na suala likafika Mahakama ya Haki ya Ulaya, iliyotoa hukumu tarehe 6 Novemba 2003 katika shauri namba C-101/01.

Mahakama ilisema kuwataja watu namna hiyo kwenye intaneti ni kuchakata taarifa binafsi, yaani kuzikusanya, kuzitunza au kuzisambaza, kazi inayosimamiwa na sheria, na kwamba ule mguu ni taarifa ya afya. Kazi ya kujitolea kanisani haikuhesabiwa kuwa mambo ya nyumbani, kwa kuwa kilichoandikwa kilisomwa na yeyote duniani. Lakini ikaongeza jambo ambalo wanaoisimulia kesi hii hulisahau: mahakama za nchi zipime uzito wa faragha na wa uhuru wa kujieleza, na adhabu isizidi kosa.

Nimeirudia kesi hii ya zamani kwa sababu ya kile ambacho hakimo ndani yake. Hakuna picha chafu, hakuna kubeti, hakuna mtu aliyeshinda Facebook saa za kazi. Kuna mwanamke mwenye nia njema aliyependa kazi yake. Sasa soma kanuni za matumizi ya kompyuta ambazo ofisi zetu nyingi za kanisa hubandika ukutani, au humpa mtumishi mpya asaini siku ya kwanza. Karibu zote zinahangaika na yale matatu. Katekista wa Alseda angezisaini zote bila wasiwasi na bado angefanya alichofanya.

Hata hivyo wanaodai kanuni kali wana hoja, na si haki kuwafanya wanafiki. Kompyuta ya usharika imenunuliwa kwa sadaka. Bando linalipwa na watu ambao baadhi yao hawana umeme nyumbani. Mtumishi anayepakua filamu kwa bando hilo anatumia fedha iliyotolewa kwa kazi nyingine. Kuna pia jina la kanisa: karani wa duka akikutwa na picha za aibu ni habari ya mtaa mmoja, lakini wa ofisi ya mchungaji akikutwa nazo, watakaoulizwa ni wazee wa kanisa, na watoto wa Shule ya Jumapili watasikia. Virusi navyo havichagui dhehebu. Flashi ya kwaya inayotoka kwa mpiga picha hadi studio hadi ofisini inaweza kufuta kumbukumbu za ubatizo zilizochapwa kwa miezi. Kupiga marufuku baadhi ya mambo ni utunzaji wa mali tu.

Shida inaanza pale kanuni inapogeuka upelelezi. Mzee wa kanisa anayesema “kompyuta ni yetu, tunayo haki ya kuona kila kitu” anasahau nini kimo ndani. Ndani ya barua pepe ya mchungaji kuna mke anayeeleza kipigo, kijana anayeungama, familia inayogombania mirathi. Fundi akiwekewa uwezo wa kusoma yote ili kumkamata anayebeti, watakaokamatwa kwanza ni hawa, ambao hawakusaini kanuni yoyote. Kwa upande wa mtumishi mwenyewe, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilitoa mwongozo mwema tarehe 5 Septemba 2017, katika kesi ya mhandisi wa Romania aliyefukuzwa kazi baada ya mwajiri kusoma mazungumzo yake ya mtandaoni. Marufuku ya matumizi binafsi ilikuwepo na alikuwa anaijua. Bado majaji 11 kati ya 17 waliona faragha yake haikulindwa, kwa sababu mahakama za nchini mwake hazikuchunguza kama aliambiwa mapema kwamba anafuatiliwa, na kwa kiasi gani. Hukumu hiyo haitufungi huku kwetu, ila hoja yake inaeleweka hata bila wakili.

Kwa hiyo mimi ningelegeza kamba upande wa mtumishi na kuikaza upande wa habari za waumini. Nitaje mfano wa sadaka. Sharika nyingi hutumia bahasha za ahadi zenye namba, na namba ilikuwa ni hekima: kiasi kinaweza kutangazwa au kubandikwa, na jirani asijue ni cha nani. Ikaja kompyuta, na sasa kuna faili moja lenye namba, jina, simu na kiasi, limekaa kwenye mashine ambayo neno lake la siri linajulikana na katibu muhtasi, mhasibu, vijana wa matangazo ya mubashara na yeyote anayekuja kuchapa barua. Katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, miamala ya fedha ya mtu imo kwenye taarifa nyeti, pamoja na afya, imani ya dini na taarifa za watoto. Angalia rejesta za usharika wowote: hizo ndizo zilizomo.

Hapa ndipo pingamizi zito linapokuja, na ni la kiroho. Kanisa ni familia, wanasema, na familia haifichani. Mgonjwa asipotajwa kwenye grupu la WhatsApp la jumuiya, nani atamwombea, nani atampelekea uji? Nakubali kwamba usiri uliopitiliza unaua huduma, na kuna mgonjwa ambaye kilichomuumiza zaidi ni kutojulikana. Lakini Waraka wa Yakobo 5:14 umeweka mpangilio wake: mgonjwa ndiye awaite wazee wa kanisa. Mwanzo wa habari uko mikononi mwake. Kuandika “tumwombee mama fulani, amelazwa” baada ya kumuuliza kunatosha kabisa. Kuongeza ugonjwa, wodi na picha akiwa kitandani ni kitu kingine, na kwenye grupu la watu mia mbili picha hiyo itafika Muscat kabla mtoto wake hajaambiwa.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 45, imeliona jambo hili vizuri. Inaruhusu chombo cha kidini kisicho cha faida kuchakata taarifa nyeti za watu wake katika shughuli zake halali, mradi kuna ulinzi na hazitolewi nje ya chombo bila ridhaa ya mhusika. Ndani kuna uhuru, mlangoni kuna ruhusa. Swali ambalo watunga sheria hawakutujibia ni kama grupu la WhatsApp, lenye waliohama, waliojiunga kanisa lingine na wachumba wa waumini, liko ndani au nje. Nadhani liko nje.

Limebaki jambo ambalo vikao vya wazee hulikwepa, labda kwa sababu lina gharama. Katika sharika ndogo, kompyuta halisi ya ofisi ni simu ya katibu. Majina ya wanaoomba ubatizo, ujumbe wa wanaotaka kufunga ndoa, picha za vyeti vya kuzaliwa, risiti za miamala, vyote viko humo, kwa bando lake, katika simu ambayo jioni mtoto wake anachezea gemu. Kanuni ukutani inamkataza kutumia mali ya usharika kwa mambo yake. Hakuna inayosema lolote juu ya usharika kutumia mali ya katibu. Siku akiacha kazi, anaondoka na habari zote hizo mfukoni, na ni vigumu kumwambia azifute huku akiwa ndiye aliyelipia. Laini ya usharika na simu ya bei ya kawaida inayolala ofisini, ikikabidhiwa kwa maandishi kama mihuri inavyokabidhiwa, ingeondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo, na kwa sharika nyingi ni gharama ndogo kuliko spika moja ya kwaya.